Materia isiyoonekana, na wale wanaoitafuta chini ya milima

Katekista mmoja wa kando ya ziwa, mzee aliyekuwa akifundisha dini tangu sisi hatujaingia seminari ndogo, alikuja kwetu Dominika moja baada ya Misa, na neno lililomsumbua. Alisikia katika redio kwamba wenye elimu wamejenga mashini chini ya shimo refu sana, na humo wanatafuta kitu cha giza kisichoonekana. «Padri, alituuliza, shimo refu, na giza, na kitu ambacho hakuna mtu amekiona: je, si kuzimu hiyo wanayoitafuta?» Hakuwa akicheza. Katika soko la Uvira mhubiri mmoja wa kikundi cha maombi alikuwa amekwisha kuwaambia watu kwamba wazungu sasa wanapima mapepo kwa mashini, na Wakristu wetu wengine walirudi nyumbani na hofu.

Tungeweza kumcheka mhubiri huyo, lakini hatuna haki. Sisi wenyewe, katika mafungo ya vijana miaka michache iliyopita, tulisimama mbele ya watu tukasema hivi: elimu ya leo imekiri kwamba sehemu kubwa ya ulimwengu haionekani, basi hakuna sababu tena ya kukataa roho na malaika. Vijana walifurahi sana, wakapiga makofi. Padri mzee mmoja, aliyetufundisha filozofia zamani, alitungoja nje, akatuuliza kwa upole: «Siku watakapokipata kitu hicho na kukitia ndani ya chupa, utawaambia nini vijana hawa juu ya malaika?» Hatukuwa na jibu. Tangu siku ile tulianza kusoma, na matunda ya masomo hayo tunawapa hapa ninyi mapadri wenzetu, waseminari na makatekista, kusudi mtu akiwauliza msijibu kama sisi tulivyojibu.

Tuanze na jina, kwa maana jina lenyewe linapoteza watu. Wanaiita materia ya giza. Mseminari aliyesoma Aristoteles asifikiri juu ya materia prima. Hiyo ni fundisho la filozofia, wala hakuna mtu atakayeikamata kwa chombo. Neno «giza» nalo halifai sana. Kitu cha giza, kama ukuta au makaa, kinazuia nuru. Materia hii haizuii kitu, nuru inapita ndani yake kama katika kioo safi kuliko vioo vyote. Haing'ai, haina kivuli, haina rangi. Jambo moja tu ndilo linalojulikana wazi: ina uzito, na kwa uzito wake inavuta vitu vingine.

Namna gani wamejua kwamba iko, ikiwa hawaioni? Panda jioni usiku usio na mwezi juu ya vilima vya Kalundu, utazame ziwa. Utaona taa za wavuvi wa ndagala, nyingi kama kijiji. Huoni mtumbwi, huoni mvuvi, huoni maji. Lakini taa zikianza kupanda na kushuka zote pamoja, unajua bila shaka kwamba kuna wimbi chini yake, na wimbi hilo lina uzito mkubwa kuliko taa zote na mitumbwi yote. Fritz Zwicky, mtu wa Uswisi aliyetumika California, aliona jambo la namna hiyo katika mwaka 1933. Alipima mwendo wa galaksi zilizokusanyika pamoja katika kundi liitwalo Coma. (Galaksi ni mkusanyiko wa nyota bila hesabu, yetu ndiyo ule ukanda mweupe tunaouona juu ya Mitumba wakati wa kiangazi.) Zilikuwa zikienda mbio kupita kiasi. Kama zingalikuwa zimeshikwa na uzito wa nyota zinazoonekana tu, zingalikwisha kutawanyika zamani. Basi kuna kitu kingine kinachozishika. Wenzake wengi hawakumsikiliza, labda kwa sababu alikuwa mtu mwenye ulimi mkali. Katika miaka ya 1970 Mama Vera Rubin na mwenzake Kent Ford walipima nyota za ndani ya galaksi moja moja, wakaona kwamba zile za pembeni zinakwenda mbio sawa na zile za katikati, jambo lisilowezekana kama hakuna uzito mwingine uliofichika. Tangu hapo ushahidi umeongezeka kwa njia nyingine, na leo wanahesabu kwamba materia isiyoonekana inapita ile inayoonekana mara tano hivi. Tuseme haki: wako wenye elimu wachache, kama Mordehai Milgrom tangu mwaka 1983, wanaosema kwamba labda hakuna materia ya namna hiyo, na kwamba kanuni yenyewe ya uvutano inataka kusahihishwa. Hawajashinda, wala hawajanyamaza.

Walio wengi wanafikiri kwamba ni chembe, ndogo kuliko atomu, ambazo zinajaza galaksi yetu yote. Jua letu linazunguka katikati ya galaksi kwa mwendo wa kilometa 220 hivi kila sekunde, na sisi pamoja nalo. Basi tunapita ndani ya chembe hizo kama mtumbwi ndani ya ukungu. Tukikisia kwamba kila moja ina uzito wa atomu 100 za hidrojeni, basi katika kila litri moja ya hewa, au ya maji, au ya damu yako, ziko tatu hivi kwa wakati wowote, na juu ya ukucha wa kidole chako zinapita maelfu na maelfu kila sekunde. Hazikugusi. Zinapita ndani ya dunia nzima na kutokea upande mwingine. Lakini labda, mara moja moja sana, moja inagonga kiini cha atomu na kukisukuma kidogo. Katika mwaka 1985 Mark Goodman na Edward Witten walionyesha kwa hesabu kwamba msukumo huo, ingawa ni mdogo mno, ungeweza kupimwa. Kazi yote tunayoieleza hapa ilitoka katika wazo hilo.

Katekista wetu alielewa vizuri tulipomwambia habari ya embe. Umelala usiku katika nyumba ya mabati, na kando ya nyumba kuna mwembe. Embe likianguka, hulioni, lakini bati linalia, nawe unajua. Hiyo ndiyo kazi ya mashini zile: bati linalongoja embe. Lakini, mzee, ukilala usiku wa mvua kubwa ya mwezi wa nne, mvua inayopiga mabati tangu saa moja ya jioni mpaka asubuhi, utalisikia embe moja? Alicheka, akasema hata kengele ya kanisa huisikii.

Na mvua hiyo ipo kweli, mchana na usiku, kiangazi na masika. Katika mwaka 1912 Victor Hess, mtu wa Austria, alipanda angani kwa puto akagundua kwamba miali fulani inatoka juu, nje ya dunia. Leo tunajua kwamba mingi yake ni viini vya atomu vinavyotupwa na nyota zinazopasuka na kwa njia nyingine za nguvu. Vikipiga hewa juu kabisa vinazaa chembe nyingine ziitwazo muoni, nazo zinatufikia chini. Fungua kiganja chako: kila sekunde inapita muoni moja au mbili. Hapa tumkumbuke Padri Georges Lemaître wa Louvain, yule aliyefundisha kwanza kwamba ulimwengu unapanuka tangu mwanzo wake. Alidhani kwamba miali hiyo ilikuwa mabaki ya atomu ya kwanza, kama moshi unaobaki baada ya moto. Hapo alikosea, na kosa hilo halikumpunguzia heshima hata kidogo.

Mtu anayetaka kusikia embe atafute pahali pasipo na mvua. Ndiyo maana wanaingia chini. Mawe yanazuia muoni, na kadiri yanavyozidi, ndivyo zinavyopungua. Hakuna maana nyingine katika shimo lile, wala hawadhani kwamba materia ya giza inakaa chini. Iko pote sawasawa: sokoni, ziwani, kanisani. Wanachokimbia ni kelele. Neno hili ndilo la kwanza la kuwaambia watu wenye hofu.

Huko Italia, chini ya mlima Gran Sasso, vyumba vilichimbwa kando ya barabara ya magari inayopita ndani ya mlima. Juu yake kuna mawe ya metre 1.400, na muoni inayofika ni moja hivi kwa saa katika kila metre ya mraba, mahali ambapo juu ya ardhi zingekuwa zaidi ya laki tano. Huko Marekani, katika jimbo la South Dakota, wanatumia shimo la zamani la dhahabu liitwalo Homestake, karibu metre 1.500 chini. Huko China, katika Jinping, kuna mawe ya metre 2.400.

Msomaji wa Uvira atauliza juu ya ziwa letu. Tulijiuliza nasi pia, tukafanya hesabu. Tanganika lina kina cha metre 1.470 pale lilipo refu kabisa, na ni la pili duniani baada ya Baikal. Lakini maji ni mepesi kuliko mawe, metre 1.470 za maji zinakinga kama metre 550 hivi za mawe. Ni nyingi, lakini hazifikii Homestake. Katika Baikal Warusi wametundika vioo vya kupima nuru ndani ya maji, kwa kutafuta chembe nyingine ziitwazo nutrino, na wanavishusha wakati wa baridi, wakisimama juu ya barafu ya ziwa. Sisi barafu hatuna. Mlima ndio tunao: Mitumba inapanda juu ya metre 3.000, na ziwa liko metre 770 hivi, basi mtu akichimba njia ya kulala kutoka pwani yetu kuelekea Itombwe, angekuwa na zaidi ya metre 2.000 za mawe juu ya kichwa chake. Hatusemi kwamba kuna mtu mwenye shauri hilo, na matetemeko yetu yangemkatisha tamaa. Tunasema tu kwamba mawe yanayofaa si ya Ulaya peke yake.

Tena Afrika imekwisha kutangulia mara moja. Katika mwezi wa pili wa mwaka 1965, ndani ya shimo la dhahabu la East Rand karibu na Johannesburg, zaidi ya kilometa 3 chini, Frederick Reines wa Marekani na Friedel Sellschop wa Afrika ya Kusini, pamoja na wenzao, waliona alama ya nutrino iliyozaliwa angani, kati ya zile za kwanza kuonekana duniani. Siku hizi huko huko kusini wana shauri la kujenga maabara kando ya njia ya Huguenot inayopita chini ya milima karibu na Paarl.

Lakini kuingia chini hakutoshi, kwa maana kuna mvua nyingine inayotoka ndani ya mawe yenyewe. Na hapa habari inarudi kwetu Kongo.

Kila jiwe lina uraniumu kidogo. Uraniumu ikivunjika polepole, inazaa radiumu, na radiumu inazaa hewa iitwayo radoni, ambayo inatoka katika mawe na kuingia katika kila ufa. Sisi watu wa Kongo tunajua uraniumu kwa sababu ya Shinkolobwe, katika Katanga, shimo lililotoa sehemu kubwa ya uraniumu ya mabomu ya mwaka 1945. Kabla ya vita hiyo mawe ya Shinkolobwe yalitafutwa kwa ajili ya radiumu, nayo ilisafishwa huko Ubelgiji, katika mji wa Olen, tangu mwaka 1922. Basi adui mkubwa wa mashini hizi ni ndugu wa mawe ya Shinkolobwe, aliyetawanyika kidogo kidogo katika dunia yote: katika saruji, katika chuma, katika vumbi la kiatu. Hata ndizi moja inatoa miali 15 hivi kila sekunde kwa ajili ya potasiumu iliyomo. Mwili wa mtu mzima, elfu nne na zaidi. Mtumishi anayekaribia mashini ni mvua pia. Ndiyo maana wanavaa nguo safi kama za daktari wa upasuaji, wanasafisha hewa, wanazungusha maji na risasi pande zote. Na risasi mpya nayo ina miali yake, inayopungua nusu kila miaka 22. Kwa sababu hiyo, kwa jaribio moja la Gran Sasso linalochunguza nutrino, walitumia vipande vya risasi vilivyotolewa baharini karibu na Sardinia, kutoka merikebu ya Warumi iliyozama katika karne ya kwanza kabla ya Kristu. Risasi hiyo ilichimbwa kabla ya Bwana wetu kuzaliwa, ikatulia baharini miaka elfu mbili, ikawa kimya.

Sasa bati lenyewe. Mashini za kwanza za kutafuta materia ya giza zilitengenezwa kwa madini yaitwayo jermaniumu, na majaribio ya kwanza yalifanywa Homestake yakatangazwa katika mwaka 1987. Jermaniumu ikisafishwa sana, mpaka ibaki atomu ngeni moja kati ya atomu nyingine milioni milioni, inakuwa na masikio makali: chembe ikigonga kiini kimoja ndani yake, inatoa umeme kidogo unaoweza kuhesabiwa. Baadaye walijifunza kuipoza mpaka karibu na mwisho wa baridi yote, kusudi hata joto la mgongano mmoja lijulikane. Na kwa kulinganisha joto na umeme wanatofautisha kati ya kiini kilichosukumwa na mwali wa kawaida uliopita.

Je, jermaniumu inatoka wapi? Pahali pamoja maarufu katika karne iliyopita ni Kipushi, kilometa 30 hivi kutoka Lubumbashi, mpakani na Zambia. Shimo hilo lilianza katika mwaka 1924, na ndani yake walikuta jiwe lenye jermaniumu ambalo wakaliita renierite, kwa jina la Armand Renier, Mbelgiji mwenye elimu ya mawe. Katika miaka ya 1950 na 1960 Kipushi ilikuwa chemchemi moja kubwa ya jermaniumu duniani, na usafishaji wake ulifanywa huko huko Olen, ulikosafishwa radiumu ya Shinkolobwe. Shimo lilifungwa katika mwaka 1993, likaanza tena kutoa zinki katika mwaka 2024. Mwaka ule ule kiwanda cha STL cha Lubumbashi, kinachochambua upya mabaki ya zamani ya madini, kilituma Ubelgiji, kwa kampuni ya Umicore, mzigo wake wa kwanza wenye jermaniumu. Hatuwezi kusema kwamba mashini fulani ina kipande cha Kipushi ndani yake. Lakini ni nchi moja, Katanga, iliyotoa kwa wingi namna ile ya mawe inayopiga kelele na namna ile inayosikiliza, na wachimbaji wetu hawakuambiwa neno juu ya moja wala ya nyingine. Tunaona vibaya kwamba kijana wa Kipushi anaweza kumaliza shule bila kusikia kwamba mawe ya baba yake yana kazi ya namna hii. Padri Luc Gillon, baadaye Monsenyeri, mtu wa fizika, hakuona hivyo. Alipokuwa rekta wa Lovanium, huko Kinshasa, iliwashwa pale katika mwaka 1959 mashini ya atomu ya kwanza katika Afrika yote.

Siku hizi mashini kubwa zaidi zinatumia zenoni, hewa nzito iliyopozwa mpaka iwe kama maji, karibu digrii 100 chini ya sifuri. Ile ya Homestake, iitwayo LZ, ina tani 10. Chembe ikigonga kiini cha zenoni, panatokea nuru mara mbili: mara ya kwanza pale pale, mara ya pili umeme ukifika juu ya tangi. Kwa nuru hizo mbili wanajua mgongano ulikuwa pahali gani. Na ukiwa karibu na ukuta wanautupa, kwa maana maji ya nje yanaweza kudanganya, ya katikati ni safi.

Basi wamepata nini? Mpaka leo, hawajapata. Na namna ya kusema «hatukupata» ndiyo iliyotushangaza kuliko yote.

Katika mwaka 2009, wale waliokuwa na jermaniumu katika shimo la Soudan, huko Minnesota, waliona migongano miwili yenye sura ile waliyoingoja. Miwili tu, baada ya miaka. Mtu mwenye njaa angalipiga kelele. Wao walihesabu kwamba kelele za kawaida zingeweza kutoa miwili au zaidi kwa bahati, mara 23 katika 100. Wakatangaza hesabu hiyo, wakasema haitoshi. Wengine, kundi la DAMA katika Gran Sasso, wanaotumia namna ya chumvi iitwayo sodiumu iodidi, wamesema tangu miaka ya 1990 kwamba wanaona hesabu ikipanda na kushuka kila mwaka, na kilele mwanzoni mwa mwezi wa sita, kama ingekuwa lazima ikiwa dunia mara inakwenda pamoja na jua mara inarudi nyuma. Basi wengine, katika Hispania na katika Korea ya Kusini, walichukua chumvi ya namna ile ile wakapima miaka kadhaa. Hawakuona kitu. Hakuna mtu aliyewaita DAMA waongo. Walipima tena, basi.

Na wale wa LZ wanafanya jambo ambalo tungependa kila mhubiri alijue. Wanajiogopa wao wenyewe. Wanajua kwamba mtu anayetamani sana kuona ataona. Basi wanaagiza mashini ya hesabu itie kwa siri, kati ya alama za kweli, alama nyingine za uongo zinazofanana kabisa na kile wanachokitafuta, na wao hawajui ni zipi. Wanaiita kazi hiyo kutia chumvi. Wanachambua yote bila kujua, wanaamua sheria za kukubali na kukataa, wanazifunga; kisha tu, wakati hawawezi tena kubadili kitu, chumvi inaondolewa. Mtu akifurahia alama moja, hajui kama ni furaha ya bure. Katika mwezi wa nane wa mwaka 2024 walitangaza matokeo ya siku 280: chumvi ilipoondolewa, hakikubaki kitu kilichozidi kelele ya kawaida.

Mseminari mmoja alituuliza kama hiyo si hasara tupu. Wavuvi wetu wanajua jibu. Ukitupa wavu wa matundu makubwa ukarudi mtupu, hujathibitisha kwamba ziwa halina samaki. Umejua kwamba pahali pale, usiku ule, hapakuwa na sangala. Juu ya ndagala hujui bado. Ukifuma matundu madogo zaidi, ukarudi mtupu tena, umejua mengi zaidi. Kila mara wenye elimu wanasema: chembe zenye uzito huu, zenye kugonga kwa nguvu hii, hazipo, msizitafute tena hapa. Vitabu vya mabingwa wa hesabu vimejaa chembe zilizokuwa na majina mazuri na sasa zimekufa kwa njia hiyo. Tena, katika pango lile lile la Homestake, Raymond Davis alingoja nutrino za jua tangu miaka ya 1960 kwa tangi la litri 380.000 za dawa ya kufulia nguo. Alipata theluthi moja tu ya zile zilizongojewa. Wengi walidhani amehesabu vibaya. Ilikuwa karibu miaka thelathini na tano kabla ya kuonyeshwa wazi kwamba hakukosea: nutrino zinabadilika njiani, na tangi lake lilikamata namna moja tu. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2002, akiwa mzee wa miaka 88.

Na sasa nyavu zimekuwa ndogo matundu mpaka zinaanza kukamata nutrino hizo za jua zenyewe. Katika mwaka 2024 wale wa XENONnT, katika Italia, na wale wa PandaX, katika China, walitangaza alama za kwanza. Hiyo ni mvua ambayo hakuna mlima unaoizuia.

Turudi kwa kosa letu la mafungo. Tarehe 22 mwezi wa 11 mwaka 1951 Papa Pius XII, akisema mbele ya Akademia ya Kipapa ya Elimu, alisifu elimu mpya ya mwanzo wa ulimwengu, kana kwamba inashuhudia uumbaji wa Mungu. Mtu aliyekuwa na haki ya kufurahi kuliko wote ni Padri Lemaître, kwa maana elimu hiyo ilikuwa yake. Hakufurahi. Aliona kwamba fundisho lake la fizika linaweza kusahihishwa kesho, na kwamba imani isifungwe katika mti unaoweza kukatwa. Tena aliona kwamba Mungu anayethibitishwa kwa hesabu atakuwa Mungu mdogo. Alizungumza na Padri Daniel O'Connell, mkubwa wa jumba la nyota la Vatikano, na Papa aliposema mbele ya wenye elimu ya nyota katika mwezi wa 9 wa mwaka 1952, hakurudia jambo lile. Baadaye, tangu mwaka 1960 mpaka alipokufa mwaka 1966, Lemaître alikuwa rais wa Akademia ile ile.

Sisi tulifanya bila elimu yake lile ambalo yeye alilikataa pamoja na elimu yake yote. Malaika si kitu chenye uzito, hakivuti galaksi. Chembe hizo, kama zipo, ni viumbe vya mwili kama mchanga wa Kavimvira, na siku zitakapopatikana hazitaongeza wala kupunguza hata neno moja la Nasadiki. Zisipopatikana, vile vile. Na mapepo hayapimwi kwa zenoni. Mtu akiuliza sokoni, aambiwe hivyo wazi, bila kumdhihaki mhubiri.

Mzee katekista alisikiliza yote haya chini ya mwembe wa misioni, kisha akauliza watangoja mpaka lini. Tulimwambia kwamba wale wa LZ wamekusudia kufikisha siku 1.000 za kupima, mpaka mwaka 2028. Alihesabu kwa vidole, polepole, akaona kwamba atakuwa bado na nguvu. «Basi, Padri, alisema, mwaka ule nitakuja tena kukuuliza.» Akachukua fimbo yake, akateremka kuelekea pwani, kwa maana watoto wa komunyo ya kwanza walikuwa wakimngoja.